Waliolazwa Juu ya Mpunga

Ukikohoa hapa mjini Kindu, kila mtu anageuka daktari. Mwenye pikipiki atakuambia unywe mawese ya moto na chumvi. Jirani atasema ni vumbi la kiangazi, litaondoka na mvua ya kwanza. Mteja wako atakuletea majani kutoka Kailo, yamefungwa ndani ya gazeti, na atakaa hapo hapo kuhakikisha umeyanywa. Mimi niliwatii wote. Nilikunywa mawese, nilikunywa majani, nilisubiri mvua, mvua ikaja, nikaendelea kukohoa. Ninaandika haya leo nikiwa naweza kutembea kutoka nyumbani hadi soko la Kasuku bila kusimama kuegemea ukuta wa mtu, na ninamwandikia yule ambaye bado anasimama kwenye kila ukuta.

Jina langu ni Zaina. Ni fundi wa kushona, na ni mtu wa maneno mengi, sikatai. Wateja wangu walikuwa wanasema wanaleta kitambaa kwa fundi mwenzangu Salima anayeshona vizuri, na wanaleta kwangu wakitaka habari. Ugonjwa ulianza na sauti yangu. Ilipungua kidogo kidogo, mpaka nikawa ninamaliza sentensi kwa kichwa na mikono, na wateja wakaanza kuongea wao. Hapo ndipo binti yangu Mwamini alipojua mama yake anaumwa kweli.

Kwa ukoo mwingine kikohozi ni kikohozi. Kwetu ni jina la mtu. Baba yangu, Sefu, alikufa kwa kifua wakati wa vita. Kaka yangu mkubwa, Amisi, alimfuata baada ya vita, kwa kifua hicho hicho. Kwa hiyo mimi nilipoweka kitambaa mdomoni na kukitoa na doa jekundu, sikuhitaji mtu kunieleza. Nilikikunja, nikakiweka mfukoni, nikaendelea kupima kiuno cha mteja.

Lazima nieleze kuhusu depo, kwa sababu bila depo hamtanielewa.

Wakati wa vita treni haikuwa inafika Kindu. Chumvi ilikuwa ya kulambwa, sabuni ya kuazimana, na aliyekuwa na mpunga aliuficha. Askari wa upande huu walichukua, wa upande ule walichukua, na kati yao walikuwepo waliochukua bila upande wowote. Baba alikuwa na mpunga. Aliuweka katika chumba cha nyuma ambacho sisi wote tunakiita depo, kisha akaziba dirisha lake kwa matofali na udongo, akapaka ukuta vizuri hata ungepita nje usingejua kuwa paliwahi kuwa na dirisha. Mlango wake ulikuwa ndani ya chumba cha kulala, nyuma ya pazia. Tulikula mpunga ule wakati wenzetu walikuwa wanakula mizizi. Ndiyo maana hakuna mtu kwetu aliyewahi kukisema vibaya kile chumba.

Mvua zilipoanza, ukuta ulinywa maji, na mpunga wa chini kwenye magunia ukaanza kuota ukungu, mweupe kwanza, halafu wa kijani. Mama alikuwa anaupepeta, anaukung'uta, anauanika kidogo kidogo uani, tunaupika. Hakuna aliyetupa chakula miaka ile. Na baba, ambaye ndiye aliyekuwa anageuza yale magunia, akaanza kukohoa.

Sasa, katika ukoo wetu kuna desturi ambayo sijaisikia kwa majirani. Mtu wa kifua analazwa juu ya mpunga. Magunia yanapangwa, mkeka unatandikwa juu, mgonjwa analala hapo. Wazee walikuwa wanasema mpunga una joto lake lenyewe, na joto hilo linavuta baridi kutoka mbavuni. Tena mgonjwa anakuwa mbali na watoto. Na, hili ndilo watu wa nje hawalielewi, ilikuwa ni heshima. Depo ndiyo ilikuwa mali yetu. Kumlaza mtu pale ni kumwambia kwamba yeye ni wa thamani kuliko vyote vilivyomo.

Aliyemlaza baba pale ni dada yake mkubwa, Shangazi Kibibi. Ni yeye aliyemlaza Amisi pia, miaka ya baadaye, baada ya mama yetu kufariki na yeye kutulea. Aliwalisha uji kwa kijiko, aliwaosha, alilala chini kando yao akiwa na tasbihi mkononi. Yeye mwenyewe hakukohoa hata siku moja. Amisi alipokufa, watu wakaanza kunong'ona kwamba depo ina jini. Shangazi akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, akasoma, akaandika kombe kwenye sahani, tukanywa ile aya iliyooshwa kwa maji, chumba kikafagiliwa, mpunga mpya ukaingia. Dirisha lilibaki limezibwa. Vita vilikuwa vimekwisha zamani, lakini tulikuwa tumeshazoea ukuta, na mimi niliyebaki katika nyumba hiyo ndiye niliyekuwa nageuza magunia.

Hospitalini mara ya kwanza walipima makohozi yangu, hawakuona kitu. Wakapiga radio, yaani picha ya kifua, wakaona tundu kwenye pafu la kulia. Tundu ni kifua kikuu, wakasema, hata kama mdudu wake haonekani. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Nilikunywa zile dawa kwa msimu mzima wa mvua. Mkojo ukawa rangi ya mawese, viungo vikauma, na nilipomaliza nilikuwa mbaya kuliko nilipoanza. Wakanianzisha tena.

Kama umekaa kwenye benchi la watu wa kifua, unalijua. Watu wanaachiana nafasi bila kuambiana. Anayeingia anatazama kwanza nani anakohoa kavu na nani anakohoa maji, kisha anachagua pa kukaa kama mtu anayechagua samaki. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Pangi aliyekuwa ananitania kila tukikutana: "Mama, uko bado? Mi nilizani ulishakwenda mbele kutuwekea nafasi." Tulikuwa tunacheka, halafu kicheko kinageuka kikohozi, na muuguzi anatugombeza. Siku moja hakuja. Sikumuuliza mtu.

Mwili wangu ulibadilika nikiutazama. Mifupa ya shingo ilitokeza. Pete ilianguka kwenye cherehani na nikaiacha kwenye sahani ya vifungo. Nguo zangu nilizipunguza mimi mwenyewe, kisha nikazipunguza tena, fundi anayejipima kila mwezi na kila mwezi anakata. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo huko Pangi. Alituma salamu, alituma asali, yeye mwenyewe hakuonekana. Mwamini aliacha kunikumbatia. Nilimkataza mimi, na bado iliniuma kila alipotii.

Ndipo Shangazi alipokuja na mkeka.

"Sasa basi," alisema. "Tulingoja ya docta, tumeona. Utalala kwa baba yako."

"Shangazi, baba alifia pale."

"Alifia mikononi mwangu. Wewe hautakufa, sababu nitaanza mapema."

Sikuwa na pumzi ya kubishana, na labda hata ningekuwa nayo nisingebishana. Mtu aliyekulea akikutandikia, unalala.

Ndani ya depo palikuwa na joto kweli. Palikuwa na harufu ya utamu ulioanza kuchacha. Nikijigeuza, magunia yalitoa vumbi jepesi ambalo lilionekana tu pale mlango ulipofunguliwa na mwanga kuingia. Mdogo wangu Salumu alikuja kuniuguza. Alikaa humo, alikula humo, alilala kwenye gunia la jirani mdomo wazi, akikoroma kama pikipiki za kule Alunguli, ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa ninavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kupitia kitambaa. Nilimtazama mdogo wangu akilala, na nitasema ukweli, nilimchukia kwa mapafu yake. Baba mmoja, mama mmoja, chumba kimoja. Kwa nini mimi?

Damu iliongezeka. Ilikuwa haiji tena kwa doa, ilikuja kwa bakuli. Salumu alinibeba hadi barabarani, akanipakia kwenye pikipiki katikati yake na dereva, tukaenda hospitali nikiwa nimebanwa kama mzigo wa makaa.

Wiki ile alikuwepo daktari mwanamke wa mapafu aliyekuja kutoka Kisangani kufundisha wenzake. Nilipata bahati, siwezi kuiita jina lingine. Alitazama picha zangu za zamani na mpya, akaziweka kwenye dirisha. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, kwenu nani mwingine aliugua kifua?"

"Baba. Na kaka yangu."

"Na huyu aliyekuleta?"

"Huyu?" Salumu alijibu mwenyewe. "Mi hata mafua siyajue, docta."

"Unalala wapi, mama?"

Nikamwambia. Nilieleza mpunga, mkeka, dirisha. Nilieleza kwa fahari kidogo, nadhani, kama mtu anayeeleza mambo mazuri ya kwao. Yule daktari aliweka kalamu chini.

"Leo usirudi mu kile chumba," alisema. "Hata kuchukua nguo. Huyu kaka yako njo mwenye ataenda kuzichukua."

Sitaandika elimu ya udaktari hapa, siijui. Nitaandika alivyonieleza. Alisema ukungu ule wa mpunga una mbegu ndogo kuliko vumbi, na sisi wote tunazivuta, Kindu nzima, kila siku. Mwili wa mtu unapepeta hewa yake kama mwanamke anavyopepeta mchele: kibaya kinatupwa nje, kizuri kinabaki. Lakini ungo huo mtu hausuki mwenyewe. Anazaliwa nao, kutoka kwa baba na mama. Kuna koo ambazo baadhi ya watoto wanapewa ungo mzima na wengine wanapewa wenye kasoro ndogo, kasoro ambayo ungeishi nayo hadi uzeeni bila kujua kama usingegeuza magunia ya ukungu wala kulazwa juu yake. Kwa hao, mbegu inakaa, inaota, inajenga nyumba ndani ya pafu.

"Kwa hiyo ni ya baba yetu?" niliuliza.

"Inaonekana inapita kwa baba yenu. Kusema kweli kabisa, ningehitaji kusoma damu yenu, na mashini ya kusoma vile hapa haiko. Lakini ukungu wenyewe tunaweza kuutafuta."

"Si uchawi?"

"Si uchawi, mama. Na si kifua kikuu cha kuambukiza watu. Mutoto wako anaweza kukukumbatia."

Nililia hapo, mbele ya Salumu na mbele ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye naye akalia bila kujua sababu. Damu yangu ilipelekwa mbali kwa ndege, tukangoja jibu mpaka nikaanza kufikiri ndege ilianguka. Jibu lilikuja: ni ukungu.

Dawa yake haikupatikana Kindu. Jirani yetu Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vyombo, aliniletea kutoka Goma ndani ya katoni ya vikombe. Alikuwa ananifanyia hivyo kila shehena yake ikija, akisema, "Zaina, vikombe vikivunjika si neno, lakini hii nimeifunga na kanga yangu." Ni Mkristo wa kanisa la kuimba sana, na alinifanyia maombi ya sauti kubwa barazani mbele ya Shangazi, ambaye aliitikia amina kwa adabu na uso mgumu.

Vidonge vile si asali. Miguu ilivimba hadi viatu vikakataa. Chakula kilinuka. Nililala barazani, hewani, chini ya chandarua, watu wakipita na kunisalimia kama maiti inayoongea. Mvua ikaisha, kiangazi kikapita, mvua ikarudi, na mimi bado nameza. Lakini siku moja nilishona gauni zima, kutoka kola hadi pindo, na nilipokata uzi ndipo nilipogundua kuwa sikukohoa. Nilimwita Mwamini, sikumweleza kitu, nikamshika tu. Jioni hiyo niliongea mpaka Salumu, ambaye mimi ni yaya yake, dada mkubwa, akaniambia, "Yaya, afazali ulikuwa mugonjwa."

Shangazi alifurahi kuliko wote. Aliamini ni mpunga ulionivuta baridi, na kombe, na kwamba daktari alinitoa kazi ikiwa imeshafanyika. Nami nilimwacha aamini. Tulikubaliana hivyo mimi na Salumu. Ningemwambia nini? Kwamba mikono iliyonilea ndiyo iliyomlaza baba kwenye kitu kilichokuwa kinammaliza? Kwamba Amisi pia? "Wacha," Salumu alisema. "Ile neno itamuua." Tulikausha mpunga wetu vizuri msimu ule, tukauuza wote upesi, depo ikabaki na magunia machache ya zamani, na nikafikiri hiyo inatosha.

Nilisahau kwamba desturi haihitaji ruhusa yangu. Mwanzo wa mvua zilizofuata Mwamini alianza kukohoa. Daktari alikuwa ameshaniambia kuhusu mtoto: huenda amerithi, huenda hakurithi, hakuna wa kujua hapa. Usiku huo na ule uliofuata nilihesabu vikohozi vyake mpaka nikachanganyikiwa. Asubuhi nilikwenda hospitali kuomba apigwe picha. Foleni ilikuwa ndefu, nikapewa nafasi ya kesho. Niliporudi, Mwamini hakuwepo barazani. Pazia la chumba cha kulala lilikuwa limefunguliwa.

Shangazi alikuwa ndani ya depo anatandika mkeka. Mwamini alikuwa amesimama mlangoni na mto wake mkononi, akikohoa, akingoja zamu yake ya kutii.

"Toka," nilimwambia. "Nenda barabarani, kaa kwa Mama Kavira."

"Zaina, unamufukuza mutoto namna gani?" Shangazi alisema. "Iko na kifua. Nataka kuanza mapema."

"Hatalala humu."

"Wewe ulilala humu, ukapona."

"Nilipona kwa sababu nilitoka humu."

Alinitazama. Bado ningeweza kurudi nyuma hapo. Ningeweza kusema daktari amekataza, basi, na kumwachia daktari lawama. Lakini nilikuwa na watoto wa Salumu kichwani, na watoto wa Amisi, na kila mmoja wao ana ungo ambao hakuna mtu ameuona. Siku moja ningekuwa sokoni na mkeka ungetandikwa. Nikamwambia yote. Nilimweleza ukungu, nilimweleza damu ya baba, nilimweleza kwa nini yeye na Salumu waliweza kulala mle na wengine hatukuweza. Sauti yangu, ambayo nilikuwa nimeipata juzi tu, niliitumia yote hapo.

Alikaa juu ya gunia. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi kama angenitukana.

"Sefu alikuwa ananiomba," alisema. "Kila siku. 'Yaya, nitoshe inje, unitoe, humu sipumui. Nitoshe tu.' Mi namwambia vumilia, ndugu yangu, baridi njo inatoka. Na Amisi vile vile. Vile vile, Zaina, kama walifundishana. Nilizani ni ugonjwa njo unasema."

Niliketi karibu naye, ndani ya chumba ambacho nilikatazwa kuingia hata kuchukua nguo, mpaka yeye mwenyewe aliponisukuma nje kwa mikono miwili akilia, "Ondoka, ondoka humu, na wewe!"

Picha ya Mwamini ilitoka safi. Yalikuwa mafua ya mvua mpya, yakaisha. Kama amerithi au hakurithi bado hatujui, na nimejifunza kulala bila kujua, ingawa akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Salumu alibomoa yale matofali ya dirisha. Mpunga tunaukausha kwingine, na watoto wa ukoo wetu hawaupepeti. Anaupepeta yeye Salumu, na wanawake wa soko wanamcheka.

Shangazi ni mzee sasa. Akisikia mahali fulani mtaani kwetu Kasuku kuna mtu wa kifua, anavaa viatu na kwenda bila kuitwa. Anawaomba watu wa nyumba watoke kidogo, anakaa karibu na kitanda, na anamuuliza mgonjwa mwenyewe anataka kulala wapi.